Miongo ya roki nzito na ipimwe kwa dramu zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala wa wasomaji kuhusu muongo upi ulitoa muziki bora wa roki nzito. Nimezisoma barua zilizotangulia kwa makini, na nimeona kwamba karibu kila mwandishi anautetea muongo ambao yeye mwenyewe alikuwa kijana: mmoja anaapa kwa miaka ya 1970, mwingine haoni aliyewahi kuwafikia wapiga gitaa wa miaka ya 1980, na wa tatu anashikilia kwamba muziki huu ulifufuka mwaka 1991 na kuzikwa tena mwaka 1994. Mwamba ngoma huvuta ngozi kwake, na sidhani kama methali hiyo imewahi kupata mahali panapoistahili zaidi, maana ninachotaka kukisema kinahusu ngoma zenyewe.

Wasomaji wenzangu wamelinganisha magitaa, sauti za waimbaji, mavazi ya jukwaani na idadi ya nakala zilizouzwa. Mimi naona vipimo hivyo vyote vinapotosha. Mpigo wa gitaa uliobuniwa mwaka 1970 unaweza kupigwa mwaka 2020 na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, kwa gitaa la aina ile ile na amplifaya ya aina ile ile, na msikilizaji asitambue tofauti. Dramu haziwezi kudanganya namna hiyo. Hakuna chombo kigumu kurekodi kuzishinda, kwa sababu zinahitaji chumba kinachofaa, vipaza sauti vilivyopangwa kwa akili, fundi mitambo mwenye sikio, na muda. Kwa hiyo kila badiliko la mitambo, la bajeti au la mamlaka ndani ya studio hujitokeza kwanza katika sauti ya dramu. Anayetaka kulinganisha miongo ya roki nzito na aanzie hapo, naye atagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba muongo wenyewe ni kipimo kibovu, na kwamba mipaka ya kweli ya muziki huu haikufuata kalenda.

Kuhusu mauzo nitasema machache. Hadi Mei 1991, orodha ya albamu ya jarida la Billboard la Marekani ilitegemea taarifa ambazo wauzaji wa santuri walizitoa wenyewe. Ndipo mfumo wa SoundScan ulipoanza kuhesabu nakala halisi zinazopita kwenye mashine za malipo. Mwezi uliofuata albamu ya pili ya Skid Row iliingia orodhani ikiwa namba moja katika wiki yake ya kwanza, na mwezi Agosti albamu ya tano ya Metallica ikafanya vivyo hivyo. Sidhani kwamba wapenzi wa muziki huu waliongezeka ghafla katika majira hayo. Kilichobadilika ni mizani. Anayelinganisha takwimu za mwaka 1975 na za mwaka 1995 analinganisha magunia yaliyopimwa kwa mizani mbili tofauti, na hilo peke yake linatosha kuiweka kando hoja ya mauzo.

Turudi kwenye chanzo. Jim Marshall, ambaye jina lake limeandikwa kwenye amplifaya zilizosimama nyuma ya nusu ya bendi tunazozibishania, alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu. Duka lake la jijini London lilikuwa la dramu kabla wapiga gitaa waliokuwa wakipita hapo hawajamshawishi awatengenezee amplifaya, ambazo yeye na mafundi wake walianza kuzitoa mwaka 1962. Katikati ya muongo huo Pete Townshend wa bendi ya The Who alikuwa tayari akidai wati 100. Hivyo mwalimu wa dramu ndiye aliyewapa wapiga gitaa silaha ya kuwazima wapiga dramu, kinaya ambacho sijawahi kuona kikitajwa katika mijadala hii. Katika kumbi nyingi za wakati huo gitaa na besi vilikuwa na ukuta wa spika, ilhali dramu hazikuwekewa vipaza sauti vya kutosha, au hazikuwekewa kabisa. Mpiga dramu alibaki na njia mbili tu, ama apige kwa nguvu zaidi ama atafute ngoma kubwa zaidi, na waliofanikiwa walifanya yote mawili. Ginger Baker wa Cream aliketi nyuma ya ngoma mbili kubwa za miguu. Miaka michache baadaye John Bonham wa Led Zeppelin alitumia ngoma ya mguu yenye kipenyo cha inchi 26.

Lakini nguvu peke yake isingetoa muziki tunaouzungumzia. Watu hawa hawakulelewa na roki nzito, kwa kuwa haikuwapo. Walilelewa na jazi. Baker alikuwa mpiga jazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mitch Mitchell, aliyempigia Jimi Hendrix na ambaye aliwahi kufundishwa na Jim Marshall huyo huyo, alikuwa akimfuata Elvin Jones, mpiga dramu wa jazi. Bonham, na vilevile Bill Ward wa Black Sabbath, walimhusudu Gene Krupa, mpiga dramu wa jazi wa Marekani. Jazi humfundisha mkono kubembea, yaani pigo lisikae daima palepale ambapo hesabu inaliweka, bali livutwe nyuma kidogo au lisukumwe mbele kidogo kadiri wimbo unavyopumua. Mchukue mtu mwenye mkono huo, mlazimishe ashindane na wati 100 za gitaa usiku baada ya usiku, nawe utapata sauti ambayo haikuwahi kuwapo kabla ya mwaka 1966 na ambayo, kwa maoni yangu, haijawahi kutokea tena kwa ukamilifu wake baada ya mwaka 1975. Baker mwenyewe hakuishia hapo, kwani alikwenda Lagos, akapiga jukwaa moja na Fela Kuti katika albamu iliyotoka mwaka 1971, kana kwamba alijua kuwa kisima alichochotea maji kilikuwa upande huo.

Sasa tuitazame miaka ile ambayo watetezi wa miongo ya mwanzo huiita kwa ujumla miaka ya sabini. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka Januari 1969, ilirekodiwa kwa takriban saa 36 za studio. Ile ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa kwa siku moja mwezi Oktoba 1969 na kutoka tarehe 13 Februari 1970. Haikuwa miujiza, na wala vijana hao hawakuwa wamejaliwa vipaji kuliko wa leo. Nyimbo walizoingia nazo studio zilikuwa zimekwisha kupigwa mbele ya watu mara nyingi, kwa hiyo kazi ya fundi mitambo ilikuwa kunasa kitu kilichokamilika, si kukijenga. Na kwa kuwa kampuni za santuri zilidai albamu moja au mbili kila mwaka, Black Sabbath walitoa 6 kati ya mwaka 1970 na 1975, na Deep Purple wakatoa idadi hiyo hiyo kati ya mwaka 1970 na 1974. Wapo wanaoliita hilo unyonyaji, na huenda wana haki kwa upande wa mikataba. Lakini mkono wa mpiga dramu haukupata nafasi ya kupoa.

Mifano miwili ya kipindi hicho inanifurahisha kwa sababu imeunganishwa na gari moja. Kundi la Rolling Stones lilikuwa na studio iliyofungwa ndani ya lori na kukodishwa kwa bendi nyingine. Led Zeppelin walilipeleka kwenye nyumba kubwa ya zamani iitwayo Headley Grange, katika jimbo la Hampshire nchini Uingereza, na hapo fundi mitambo Andy Johns akaziweka dramu za Bonham chini kabisa ya ukumbi wa ngazi na kuvitundika vipaza sauti viwili juu yake, orofani. Wimbo wa mwisho wa albamu yao ya nne, ya mwaka 1971, ndio uliozaliwa hapo, na unachokisikia ndani yake ni ukumbi mzima ukitetemeka pamoja na dramu. Desemba mwaka huo huo lori hilo lilikuwa Montreux, Uswisi, likiwasubiri Deep Purple, ambao jengo la kasino walilokusudia kurekodia liliungua moto wakati wa onyesho la Frank Zappa, hata wakaishia kupanga vyombo vyao katika korido za hoteli iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi. Dramu za Ian Paice katika albamu iliyotokana na masaibu hayo zina wepesi ambao hazikuupata katika studio za kawaida. Ngazi na korido! Wasomaji wanaosifu mitambo ya kisasa na watafakari kwamba sauti mbili za dramu zilizoigwa kupita kiasi katika historia ya roki nzito zilinaswa mahali ambapo hakuna mjenzi aliyekusudia muziki upigwe.

Wengi wanaikumbuka hadithi ya vidole vya Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa lake zikashuka sauti. Wachache husema kilichofuata, yaani kwamba gitaa lililoshuka chini na kupunguza mwendo lilimwachia Bill Ward uwanja mpana kati ya pigo na pigo, naye akaujaza kwa mikono ya jazi. Bila Ward, uzito huo ungekuwa wa jiwe lililolala tu.

Hata hivyo, muongo wa 1970 haukuwa kitu kimoja, na hapa natofautiana na watetezi wake. Studio zilipopata mitambo ya njia 16 na kisha 24, yaani iliyoweza kunasa sauti nyingi kila moja peke yake, kila kipande cha dramu kiliweza kupewa kipaza sauti chake, na mafundi wakaanza kuogopa mwangwi. Dramu zikahamishiwa katika vyumba vidogo vilivyozibwa kwa mazulia, ngozi zikafunikwa kwa vitambaa, na matokeo yake albamu nyingi za katikati na mwisho wa muongo huo zina dramu zinazosikika kama mtu anayegonga sanduku la karatasi ngumu. Msomaji anayeusifu muongo mzima kwa sauti ya Headley Grange anasifu miaka minne au mitano ya mwanzo na kuifumbia macho iliyobaki. Van Halen, kwa albamu yao ya kwanza ya mwaka 1978 iliyorekodiwa kwa majuma machache, wakipiga kwa kiasi kikubwa pamoja chumbani, ni miongoni mwa waliolivunja sanduku hilo.

Niseme pia, kabla sijaendelea, kwamba mjadala huu umekwenda kana kwamba roki nzito ilipigwa Uingereza na Marekani tu. Nchini Zambia, bendi kama WITCH na Amanaz zilitoa mwaka 1975 albamu ambazo leo zinatafutwa na wakusanyaji wa santuri duniani kote, zenye gitaa chafu la umeme juu ya dramu zilizorekodiwa kwa mitambo michache, na kwa sababu hiyo hiyo zilizosalimika na ugonjwa wa mazulia nilioueleza. Uchumi wa nchi hiyo uliotegemea shaba ulipoyumba, muziki huo nao ukadhoofika, na kwa wanamuziki hao muongo wa 1970 ulifungwa na bei ya madini.

Zambia hiyo inanileta kwenye miaka ya 1980 kwa njia isiyotarajiwa. Mtayarishaji aliyeitawala roki nzito ya muongo huo, Robert John Lange, alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, katika ukanda wa shaba wa nchi ambayo sasa ni Zambia. Ukimfuata mtu huyu mmoja kutoka mwaka 1979 hadi 1987 utaiona safari nzima ya muongo. Kwa AC/DC alitengeneza albamu tatu, ya pili ikiwa ile ya Julai 1980, iliyorekodiwa visiwani Bahamas miezi michache baada ya kifo cha mwimbaji Bon Scott. Dramu za Phil Rudd ndani yake ni za mtu anayejua kwamba kazi yake ni kutofanya lolote la ziada: pigo moja, jingine, na nafasi kati yake iliyo safi kama ukurasa usioandikwa. Rudd habembei kama Bonham, lakini mwendo wake ni wa mwanadamu, na Lange aliuacha hivyo.

Katika studio ya Townhouse jijini London, Phil Collins alipiga dramu katika albamu ya tatu ya Peter Gabriel, iliyotoka mwaka ule ule wa 1980, na fundi mitambo Hugh Padgham akagundua namna ya kuufanya mwangwi wa chumba uvimbe na kisha ukatwe ghafla kama kwa kisu. Albamu hiyo haikuwa ya roki nzito, lakini ndani ya miaka michache kila bendi ya roki nzito yenye fedha ilitaka kisu hicho. Wakati huo huo mashine za dramu zilifika sokoni, na ZZ Top, bendi ya watu watatu iliyojengwa juu ya mwendo wa blues wa Texas, ikatoa albamu mwaka 1983 ambayo sehemu kubwa ya dramu zake ni za mashine. Iliuzwa kuliko albamu nyingine yoyote waliyowahi kutoa. Televisheni ya MTV, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981, ilimaliza kazi, kwa maana mtazamaji aliona mikono ya mpiga dramu ikipaa hewani huku masikio yake yakipokea kitu kilichopangwa siku nyingine kabisa.

Lange aliifikisha njia hiyo kileleni kwa albamu ya Def Leppard ya mwaka 1987, iliyochukua zaidi ya miaka mitatu kukamilika. Sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Mpiga dramu wa bendi hiyo, Rick Allen, alipoteza mkono wake wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984, akaunda upya namna yake ya kupiga kwa kutumia dramu za umeme na pedali za miguu, na mwaka 1986 akarudi jukwaani. Sijui mfano mwingine wa ujasiri kama huo katika muziki wa aina yoyote. Lakini dramu zinazosikika katika albamu ile zilijengwa kwa sauti zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, na zingejengwa hivyo hata kama ajali isingetokea, kwa sababu ndivyo Lange alivyokuwa tayari amechagua kufanya kazi. Matokeo yake ni kasri ya vioo. Naistaajabia kila ninapoisikiliza, na sijawahi kutingisha kichwa hata mara moja.

Albamu hiyo ilitoka tarehe 3 Agosti 1987. Siku 13 kabla yake, tarehe 21 Julai, ilikuwa imetoka albamu ya kwanza ya Guns N' Roses. Nawaomba watetezi na washutumu wa miaka ya 1980 wazisikilize hizo mbili moja baada ya nyingine, dramu tu, kisha waniambie muongo huo ulikuwa na sauti gani. Steven Adler, mpiga dramu wa Guns N' Roses na kijana ambaye hakuwa na ufundi wa kutisha, alikuwa na ile bembea ya kale iliyokuwa karibu kutoweka. Snea yake, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inachelewa kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kuandikwa kwa noti, na bendi nzima inaning'inia kwenye ucheleweshaji huo. Alifukuzwa mwaka 1990 kwa sababu ya dawa za kulevya. Matt Sorum, aliyechukua nafasi yake, ni fundi zaidi yake kwa kila kipimo kinachofundishwa, na albamu mbili alizopiga, zilizotoka siku moja ya Septemba 1991, zina kila kitu isipokuwa hicho. Zina pia dakika 76 kila moja, kwa sababu CD ilikuwa imeondoa ule ukomo wa takriban dakika 20 kwa kila upande wa santuri uliokuwa ukimlazimisha mtu kutupa nyimbo dhaifu. Ukomo huo ulikuwa mhariri mzuri, na ninaamini wewe, Ndugu Mhariri, utaelewa ninachomaanisha.

Wiki moja baadaye, tarehe 24 Septemba 1991, Nirvana walitoa albamu yao ya pili, ambayo wasomaji wawili wameieleza katika ukurasa huu kama ushindi wa unyofu dhidi ya kasri za vioo. Ni kweli nusu. Dave Grohl alipiga katika chumba kikubwa cha studio ya Sound City huko Los Angeles, na nguvu zake ni za kizazi cha Bonham. Lakini Andy Wallace, aliyechanganya sauti, alitia chini ya dramu hizo sampuli, yaani milio iliyorekodiwa kando, na mwangwi wa kuzikuza, kwa mbinu ambazo miaka ya 1980 ingezitambua mara moja. Anayeutaka unyofu wenyewe aende kwenye albamu yao iliyofuata, ya mwaka 1993, ambayo Steve Albini aliirekodi kwa takriban wiki mbili huko Minnesota, vipaza sauti vikiwa vimetapakaa chumbani, na yeye akikubali malipo ya mara moja tu na kukataa sehemu ya mauzo. Hapo ngazi za Headley Grange zinasikika tena. Na kama ningetakiwa kumtaja mpiga dramu mmoja wa miaka ya 1990, nisingemtaja Grohl bali Matt Cameron wa Soundgarden, aliyeweza kupiga mizunguko ya hesabu saba kwa namna ambayo msikilizaji hagundui kwamba hesabu moja imekosekana mpaka ajaribu kupiga makofi.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 kompyuta haikuhitaji tena kuchukua nafasi ya mpiga dramu, ilitosha kumsahihisha. Programu za kuhariri sauti, Pro Tools ikiwa mashuhuri kuliko zote, ziliwezesha kila pigo lisogezwe mpaka likae sawasawa kwenye mstari wake, na kila mlio dhaifu ubadilishwe kwa mlio mzuri uliorekodiwa mara moja. Kinachopotea ni kile kile ambacho Adler alikuwa nacho na ambacho Krupa aliwarithisha Waingereza. Juu ya hayo ukaja ushindani wa kupandisha sauti ya CD. Dramu ndizo zenye vilele vya ghafla kuliko chombo kingine chochote, kwa hiyo kila kitu kinapobanwa ili kisikike kikubwa, wa kwanza kunyongwa ni mpiga dramu. Metallica walipotoa albamu ya mwaka 2008, mashabiki waligundua kwamba nyimbo zile zile zilizowekwa katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilikuwa na dramu zilizo hai kuliko za kwenye CD waliyoinunua, nao wakalalamika kwa maandishi. Bendi hiyo hiyo, miaka mitano nyuma, ilikuwa imetoa albamu yenye snea iliyolegezwa nyuzi zake za chini hadi ikalia kama ndoo. Nakiri kwamba naiheshimu ndoo hiyo kuliko CD ya baadaye, maana angalau ilikuwa kosa la mtu.

Hata hivyo si haki kuutupa muongo wote wa 2000. White Stripes walikwenda London mwaka 2002 kwenye studio ndogo ya Toe Rag yenye mashine ya kanda ya njia 8, na Meg White, anayedhihakiwa kwa kutojua kupiga, akatoa dramu zenye tabia kuliko mafundi wengi waliosahihishwa. Queens of the Stone Age, katika albamu yao ya mwaka huo huo wa 2002, walimfanya Grohl azipige ngoma na matoazi kwa nyakati tofauti, jambo ambalo kwa nadharia lingeua kila kitu, lakini kwa kuwa mkono ulikuwa wake, halikuua chochote. Kwa albamu iliyotoka mwaka 2011 Grohl, sasa akiwa kiongozi wa Foo Fighters, alimwita Butch Vig, mtayarishaji wa ile albamu ya Nirvana ya mwaka 1991, wakarekodi kwa kanda katika gereji ya nyumba yake. Baada ya hapo sina mengi. Bendi zinazosifiwa kwa kurudisha miaka ya 1970 zimerudisha magitaa, nywele na suruali. Dramu zao nyingi bado zimekaa kwenye mstari.

Kwa hiyo mgawanyo wangu ni huu, na natarajia utaleta barua za kuupinga. Kipindi bora kilianza mwaka 1969 na kuisha mwaka 1972, cha pili kilianza mwaka 1991 na kuisha mwaka 1994, na kati yake kuna mwaka 1980 na nusu ya pili ya Julai 1987. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofikia muongo mmoja.

Tarehe 5 Julai 2025, katika onyesho la kuaga la Black Sabbath kwenye uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, niliyemfuatilia kwa mbali kupitia matangazo ya moja kwa moja hakuwa mwimbaji wao Ozzy Osbourne, ingawa alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha enzi na akafariki siku 17 baadaye. Katika saa zilizotangulia walikuwa wamepita Danny Carey, Chad Smith na Travis Barker wakipokezana katika shindano la kirafiki la dramu, kisha Lars Ulrich wa Metallica, watu ambao kati yao wamegusa vipindi kadhaa nilivyovieleza hapa. Kisha akatoka Bill Ward, mwenye umri wa miaka 77, ambaye hakuwa amepiga na wenzake watatu wa awali tangu mwaka 2005. Walipiga nyimbo nne. Mwendo uliyumba mara kadhaa, ukapungua palipotakiwa kasi na kuharakisha palipotakiwa subira, na hakuna kompyuta ambayo ingeuacha hivyo. Mimi nilikuwa natingisha kichwa.

Wako katika mjadala,

Msomaji wako wa siku nyingi